Wanafunzi wa ufundi wabisha hodi uhandisini

Kijana wa Kambi Muru, Kibera, aliyepata C- katika KCSE hawezi kusomea shahada ya uhandisi moja kwa moja; vyuo vikuu hudai C+. Hubakia stashahada, labda katika chuo cha ufundi cha P.C. Kinyanjui, jirani na Kawangware.

Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Elimu ya 2014 ilikusudiwa kurahisisha uhamaji huo. Hata hivyo, chuo kikuu ndicho huamua masomo ya kuhesabiwa. Asiyehesabiwa chochote huanza upya: miaka mitatu ya stashahada, mitano ya shahada, jumla minane, na kodi ya chumba haisubiri.

Kenya Polytechnic, iliyofanywa chuo kikuu mwaka 2013, hufundisha ngazi zote mbili. Hapo, angalau, kisingizio ni kidogo.