Mosfeti iliyoungua ni maiti, si muuaji

Leo naweka programu kando kidogo, maana kuna jambo limenikera siku nyingi. Hapa Nakuru, na hata ukipanda Njoro hadi Molo, peleka televisheni kubwa au pawasaplai ya kompyuta iliyokufa kwenye kibanda chochote uone. Fundi anaifungua, anakuta fyuzi imekatika na mosfeti imepasuka. Anabadilisha hivyo viwili, anachomeka ukutani. PAA! Mosfeti mpya nayo imekwenda. Anaweka ya tatu, nayo inapasuka. Halafu unaambiwa, "Boss, hii bodi imekwisha, tafuta nyingine." Na spea zote hizo unalipa wewe.

Kwenye kazi yetu ya programu, mtu anayewasha seva upya kila inapoanguka bila kusoma logi hatumwiti mtaalamu. Sasa huyu anayebadilisha spea bila kupima tumwiteje?

Tuelewane kwanza kuhusu saketi yenyewe. Stima yetu ni volti 240 za mkondo geu. Vifaa vya zamani viliipitisha kwenye diodi nne, kisha vikajaza kapasita kubwa. Shida ni kwamba kapasita hiyo hunyonya mkondo kwa vishindo, pale tu wimbi linapofika kileleni. Nyaya na transfoma zinabeba mkondo mwingi kuliko kazi inayofanyika, yaani pawafakta iko chini. Ndiyo maana mwaka 2001 Ulaya ilianza kulazimisha vifaa vingi vya zaidi ya wati 75 kupunguza fujo hiyo. Watengenezaji wakaongeza hatua moja: koili, mosfeti, diodi ya kasi na chipu ya kuviongoza. Mosfeti inajiwasha na kujizima makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, koili inasukuma umeme kwenye kapasita hadi volti 380 au 400, na mkondo unafuata umbo la wimbi la stima.

Sasa, mosfeti ikipasuka ni nani kaiua? Mara nyingi ni jirani yake. Diodi ya kasi ikipiga shoti, kapasita yenye volti karibu 400 inajimwaga yote ndani ya mosfeti kila inapojiwasha. Weka mosfeti kumi, zote zitakufa! Nayo mosfeti ikifa haifi peke yake: huondoka na resista ndogo ya kupima mkondo, resista ya geti, na pengine chipu yenyewe. Mbaya zaidi ni wale wanaotoa diodi ya kasi na kuweka diodi ya kawaida kwa sababu "volti ni zile zile". Volti ndiyo, kasi siyo. Diodi ya polepole inachelewa kufunga, na joto la kuchelewa huko linaichoma mosfeti.

Kupima si uchawi. Fanya hivi:

1. Chomoa stima, kisha mwaga kapasita kubwa kwa resista ya omu 10,000 na wati 10 iliyofungwa kwenye nyaya zenye ganda. Usitumie bisibisi! Halafu hakikisha kwa maltimita. Volti 400 zinaua, hata kifaa kikiwa kimechomolewa.

2. Bila stima, pima mosfeti, diodi ya kasi, diodi nne za mwanzo na zile resista ndogo. Zilizokufa badilisha ZOTE kwa pamoja.

3. Unapojaribu mara ya kwanza, unganisha balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, kwa mfululizo na kifaa. Ikiwaka kidogo ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa kabisa, bado kuna shoti, na umeokoa mosfeti yako.

4. Shoti ikiisha, pima volti za kapasita kubwa. Sifuri: njia imekatika kabla ya kufika hapo. Karibu 340: stima inafika lakini hatua ile haifanyi kazi, kwa hiyo angalia kama chipu inapata umeme wake. (Televisheni ikiwa imelala, 340 inaweza kuwa sawa.) Kati ya 380 na 400: hatua hii ni nzima, tafuta mbele. Zaidi ya 420: zima haraka! Mara nyingi resista kubwa zinazoiambia chipu volti zimefika ngapi zimepanda thamani, na chipu inadanganywa.

Kipimo kimoja kinakupa majibu manne. Hiyo ndiyo logi yako!

Kuna na "wajanja" wanaotoa mosfeti kabisa na kuacha stima ipite moja kwa moja kwenye koili na diodi hadi kwenye kapasita. Kifaa kinawaka, mteja anashukuru. Ukiuliza, unajibiwa kwamba mita ya nyumbani inahesabu yuniti tu, haijali pawafakta. Hapo wana ukweli: wanaotozwa na Kenya Power kwa pawafakta ya chini ya 0.9 ni wateja wakubwa kama viwanda, si wewe na mimi. Lakini bili siyo hoja. Kaa mbali na transfoma, mahali ambapo volti hushuka jioni watu wakipika. Stima ikishuka hadi 180, saketi nzima bado inaweza kushikilia volti zake 390. Iliyorukwa inapata kama 255 tu, na sehemu za mbele lazima zivute mkondo mara moja na nusu ili kufanya kazi ile ile. Zinachemka, siku moja zinaungua. Mteja anarudi, anauziwa bodi.

Mtasema kupima kunachukua muda na mteja anataka bei rahisi. Diodi moja na resista mbili ni bei rahisi kuliko mosfeti tatu na bodi. Na wewe mteja, kabla ya kulipa uliza swali moja tu: "Kapasita kubwa ilisoma volti ngapi?" Asipokuwa na namba, beba kifaa chako uende kibanda cha pili.