Tusiwafungie Mlango wa Sayansi

Tunapouliza kwa nini vijana wengi hawataki kusomea sayansi chuo kikuu, tuanzie nyumbani. Binti wa kidato cha pili analeta alama mbaya za hesabu, nasi tunamfariji: “Usijali, ukoo wetu hauna kichwa cha hesabu.” Basi anaacha fizikia na kemia. Miaka minne baadaye, milango ya udaktari, ufamasia na uhandisi imeshafungwa.

Sisi wauguzi hukokotoa kipimo cha dawa ya mtoto kwa uzito wake. Hatukuzaliwa tukijua hesabu hiyo, tulifundishwa. Tumpunguzie binti kazi za jioni, tumtafutie mwalimu, tumwombee. Mungu aliyewapa Danieli na wenzake maarifa hajawanyima binti zetu.