Hakimu Hakula, Ninyi Hamkuja

Juzi kijiweni Mbagala, kikombe cha pili cha kahawa hakijapoa, dereva mmoja wa bodaboda katoa hukumu: "Kesi ya yule mwizi wa TV hakimu kala. Mahakama ni za wenye hela." Waliokaa wakatikisa vichwa kama wameshushiwa wahyi. Kashata ikanikwama kooni.

Kesi hiyo naijua. TV ni ya mama jirani yangu, inchi 32, kona imepasuka, nyuma mwanawe kabandika stika ya Simba. Kijana aliyeshtakiwa hana hata viatu vya kubadilisha. Haya, hakimu kala nini hapo? Ndala?

Mashahidi wa maana walikuwa watatu: mama mwenye mali, mlinzi aliyemwona kijana akitoka na mzigo usiku, na mwenye bodaboda aliyemfukuza akamdaka na TV mkononi. Siku ya kwanza walikwenda wote, wamenyoa, wamepiga pasi. Kumbe kesi ilikuja kutajwa tu. Kutajwa si kusikilizwa, jamani! Kesi inaitwa, upelelezi unaulizwa umefika wapi, tarehe inapangwa, mnarudi makwenu. Wanaume wawili wakarudi wakinung'unika kwamba wanazungushwa. Zilipokuja samansi za siku ya kusikilizwa, ambayo ndiyo siku yenyewe, mmoja alikuwa harusini Kibiti, mwingine "yuko njiani" tangu saa tatu hadi saa saba.

Mama akasimama kizimbani peke yake. TV aliitambua kwa ile stika, bila kubabaika. Ila nani alimkuta nayo kijana? Mama alikuwa amelala. Wakili wa Serikali akaomba ahirisho, akaomba tena, mara ya tatu hakimu akakataa. Ushahidi ukafungwa. Hana kesi ya kujibu. Kwisha.

Na yule jaji wetu wa kijiweni? Ndiye huyohuyo aliyemdaka kijana na TV.

Nilipomkumbusha, kanijibu: "Mzee, mimi maelezo nilishaandika polisi." Loo! Kama karatasi inatosha, huko harusini mbona mnakwenda na matumbo yenu, msitume kadi? Hakimu anataka kukusikia wewe, na mshtakiwa ana haki ya kukuuliza maswali. Jalada limeandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Mwenye TV mwenyewe ni shahidi tu, hawezi kuibeba kesi mgongoni kama mtoto. Sheria inaruhusu hata hati ya kumkamata shahidi aliyepuuza wito, na mimi natamani itumike kila Jumatatu.

Mwingine akadakia: mbona mwizi alipewa dhamana? Kwa sababu Katiba, ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Makosa yasiyo na dhamana yapo, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. TV yenye kona iliyopasuka haimo.

Wala rushwa wapo, TAKUKURU haikuundwa kufuga kuku. Nauli ya shahidi nayo ni aibu: unapoteza kibarua cha siku nzima, unakaa kwenye benchi hadi mgongo unalia, halafu posho unaisikia kwenye hadithi. Zamani mlisingizia Kiingereza. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ingawa wapo mawakili ambao bila Kiingereza hawajioni wamesoma. Hao nitawashughulikia siku nyingine.

Kijana sasa yuko huru. Kila asubuhi akipita mbele ya nyumba ya yule mama anamwamkia, shikamoo mama, kwa adabu zote. Mama anaitika marahaba, kisha anaingia ndani kuangalia kama mlango wa nyuma umefungwa.