Fundi Hakutuomba Neno

Muhula uliopita, katika somo la istilahi, darasa letu lilitumia saa mbili kutafuta neno moja. Tulitakiwa kupata jina la Kiswahili la kile kijiti chenye ncha ya chuma ambacho fundi wa umeme hugusisha kwenye waya ili mashine yake ya kupimia isome. Ubao ulijaa: kichunguzi, kipimio, kigusio, ncha pimaji. Tukapiga kura, kigusio kikashinda, tukaenda kula.

Nami nilikipigia kura kigusio. Lakini likizo ilipofika nilirudi nyumbani Baraka, nikakaa siku kadhaa kwenye meza ya mjomba wangu sokoni, na hapo nikaona kwamba tulijibu swali ambalo hakuna fundi aliyetuuliza.

Mjomba hutengeneza redio, simu na mitambo midogo ya sola. Baraka na vijijini Fizi, nyumba nyingi hupata mwanga kwa paneli, betri au jenereta, kwa hiyo kazi haimpungui. Vile vijiti viwili anavyo majina yake: nyekundu na nyeusi. "Nipe nyekundu. Nyeusi iache hapo." Mwenzake wa mezani alijifunza ufundi kambini Nyarugusu, Tanzania, naye husema waya na betri. Mjomba aliyejifunzia Uvira husema fili na batri. Sijawaona wakishindwa kuelewana hata siku moja.

Kilichomwumiza mjomba si ukosefu wa jina. Kiganja chake cha kulia kina kovu. Siku moja alikuwa amepima ampea za paneli, na ili kufanya hivyo alichomeka nyekundu kwenye tundu lililoandikwa 10A. Alipomaliza aliisahau humo, kisha akaigusisha kwenye betri kubwa ya volti 12 ili asome volti. Tundu lile lina ukinzani mdogo sana. Kulitumia namna hiyo ni sawa na kuunganisha chanya na hasi ya betri kwa kipande cha waya, na betri kubwa inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa njia hiyo. Plastiki ikayeyukia mkononi. Kando ya tundu palikuwa na neno UNFUSED, yaani humo hamna fyuzi ya kumkinga. Mjomba anasoma Kifaransa vizuri. Neno hilo alidhani ni jina la kampuni.

Kijiti chenyewe kimebuniwa kwa akili nyingi. Ule ukingo ulio karibu na ncha si pambo, kazi yake ni kuzuia vidole visiteleze hadi kwenye chuma. Vijiti vingi huja na kifuniko kidogo cha plastiki kinachoacha wazi milimita 4 tu za ncha. Ukikivua, chuma kilicho wazi huweza kufika milimita 19. Ncha ndefu ikigusa nyaya mbili kwa pamoja inaleta shoti, na penye umeme mwingi shoti hiyo hulipuka usoni mwa fundi. Ndiyo sababu kiwango cha kimataifa, IEC 61010-031, kinataka ncha fupi kwa kazi za daraja la CAT III na CAT IV, na ndiyo sababu kijiti kimoja huweza kuandikwa madaraja mawili, moja kikiwa na kifuniko na jingine kikiwa kimevuliwa. Namba ya CAT haitaji wingi wa volti. Inataja mahali: CAT II ni vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni kisanduku cha kugawa umeme ndani ya jengo, CAT IV ni pale umeme unapoingilia kutoka nje.

Mjomba alivitupa vifuniko siku aliyofungua boksi. Alidhani ni vya kulinda ncha safarini.

Najua wahadhiri wetu watasema istilahi ndiyo msingi. Ni kweli. Bila maneno kama saketi, mkondo na ukinzani, na bila kazi kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990, hata makala haya yangenishinda. Lakini orodha ya maneno haijamkinga mtu kiganja. Ninachodai ni kwamba tumezoea kusimama kwenye neno, ilhali fundi anahitaji sentensi.

Na hapa tusiilaumu lugha ya Kifaransa. Katiba ya 2006 imeifanya kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini karatasi iliyokuja na mashine ya mjomba ilikuwa ya Kiingereza na Kichina. Mezani pale Kiswahili hakikuwa na mpinzani. Nafasi ilikuwa tupu.

Nilijaribu kuijaza. Niliandika: "Ukimaliza kupima ampea, chomoa kigusio kwenye 10A kabla ya kupima kitu kingine." Nikamsomea. Akanisimamisha: "Kigusio ni nini, mwipwa?" Nikalifuta neno tulilolipigia kura, nikaandika "nyekundu". Akaniuliza tena: "Nikishaichomoa, niipeleke wapi?" Nikaongeza: "irudishe kwenye tundu la V." Sentensi hiyo moja ilinichukua asubuhi nzima, na nilijifunza tafsiri kuliko muhula mzima wa kupiga kura.

Pendekezo langu kwa kitivo ni dogo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho atafsiri ukurasa mmoja wa maelekezo ya kifaa kinachotumika mtaani kwake: mashine ya kupimia, pampu ya maji, dawa ya kunyunyizia mihogo. Aupeleke kwa mtu anayekitumia, amsomee, kisha atazame mikono yake inafanya nini. Palipokosewa, paandikwe upya. Mhadhiri atoe alama za sarufi, na yule mtumiaji naye awe na alama zake za kutoa.

Ukurasa wa mjomba sasa umebandikwa ndani ya mlango wa kabati lake. Una sentensi sita. Ya mwisho inasema vifuniko visitupwe, naye ameniagiza nimtafutie vingine mjini.