Duka la umeme linapogeukia viwanda: Nani alipie mali inayolala?

Julai 2022, msimu wa alizeti ukiwa umepamba moto, mjomba wangu alikaa siku sita bila kukamua hata gunia moja mjini Singida. Mota yake ya hospawa 20 ilikuwa imeungua. Magunia ya wakulima yalipangwa hadi barazani, na wenye haraka waliyapakia kwenye mikokoteni wakayapeleka kwa jirani. Mota ilisukwa upya kwa siku mbili tu. Siku nne zilizobaki zilipotea kwa kusubiri stata inayofaa, kwa sababu maduka ya vifaa vya umeme ya mjini yalikuwa na balbu, soketi na waya wa nyumbani wa kila rangi, lakini kifaa hicho hakikuwapo.

Siku hizi baadhi ya maduka hayo yameanza kubadilika. Yako matawi ya maduka makubwa ya Dar es Salaam yaliyofunguliwa mikoani kufuata wimbi la kuunganisha umeme majumbani, ambayo sasa yanatenga rafu kwa ajili ya mota, kontakta na kebo nene. Ndugu msomaji, kama unasaga, unakamua, unakoboa au unavuta maji kwa pampu, mabadiliko haya yanakuhusu moja kwa moja. Hata kama huna mashine, gunia lako linategemea mashine ya mwenzako.

Kwa nini sasa

Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaanza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo zimefika katika karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Kwa muuza vifaa, miaka hiyo ilikuwa ya neema, kwa kuwa kila nyumba mpya ilihitaji waya, swichi, soketi na sakiti breka.

Lakini nyumba hutandazwa waya mara moja. Baada ya hapo mwenye nyumba hurudi dukani kununua balbu, tena moja moja, na maduka ya kumuuzia yameongezeka katika kila mtaa. Faida kwa kila bidhaa imepungua.

Kwa upande mwingine, umeme wa kuendesha mitambo umeongezeka. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingizwa kwenye gridi mwanzoni mwa mwaka 2024 na wa mwisho mwaka 2025. Mwenye kinu aliyezoea jenereta ya dizeli ana sababu ya kuomba umeme wa fezi tatu. Mteja huyo hula beringi, mikanda, kontakta na fyuzi kila msimu, na hurudi dukani.

Kuuza bila kuuliza

Kosa kubwa la duka la nyumbani linapoanza kuhudumia viwanda ni kudhani kwamba kinachobadilika ni bidhaa tu. Turudi kwa mjomba. Mota ya kilowati 15, ambayo ndiyo hospawa 20, hula takriban ampea 28 kwenye umeme wa volti 400. Ikiwashwa moja kwa moja, kwa sekunde chache inaweza kuvuta mara sita au zaidi ya hapo. Ndiyo maana mashine za ukubwa huo hufungiwa stata ya sta-delta, ambayo hupunguza mvuto huo hadi karibu theluthi.

Ndani ya stata kuna ovalodi, yaani kifaa kinachokata umeme mota inapozidiwa. Katika sta-delta, ovalodi ikifungwa kwenye nyaya zinazokwenda kwenye mizunguko ya mota, haisetiwi ampea 28. Inasetiwa asilimia 58 ya hapo, karibu ampea 16. Muuzaji aliyemhudumia mjomba mwanzoni alimuuliza jambo moja tu: "Mota ya ampea ngapi?" Akajibiwa 28, akatoa ovalodi ya 28, na fundi akaifunga hivyo hivyo. Mashine ilipokabwa na mbegu zenye mchanga, mota ilizidiwa siku baada ya siku na ovalodi haikukata, kwa sababu kwa jinsi ilivyosetiwa haikuona tatizo. Kifaa chenyewe hakikuwa feki. Kilikuwa kizima, ila kimewekwa mahali pasipo pake.

Kwa hiyo tawi linalotaka wateja wa viwanda linahitaji kwanza mtu wa kaunta anayejua kusoma kibati cha mota na kuuliza maswali manne: kilowati ngapi, inawashwaje, inaendesha nini, na ovalodi inafungwa wapi. Mtu huyo mshahara wake ni mkubwa kuliko wa kijana wa kupima waya. Gharama hiyo lazima iwe na pa kutokea.

Hesabu ya rafu

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Tuchukue mfano wa hesabu. Roli za waya zenye thamani ya shilingi 100,000 zikitoa faida ya asilimia 5 na kuuzika kila mwezi, kwa mwaka zinaleta shilingi 60,000. Kontakta ya shilingi 100,000 yenye faida ya asilimia 20, ikikaa rafuni mwaka mzima ikimngoja mteja mmoja, italeta shilingi 20,000 tu. Mwenye duka anayekataa kuweka kontakta hiyo si mvivu. Amepiga hesabu, akaona mali imelala.

Akitaka kulinganisha mapato, ana njia mbili. Anaweza kupandisha bei, au anaweza kuifanya kontakta itoke mara nyingi zaidi. Njia ya kwanza humrudisha mteja Kariakoo, au humsukuma kwenye bidhaa feki. Njia ya pili ndiyo ya kuungwa mkono, na haihitaji mtaji mkubwa. Inahitaji daftari.

Mashine za kukamua na kusaga katika mji mmoja hazina ukubwa wa kila namna. Nyingi hurudia vipimo vichache vya mota. Tawi likiandika katika daftari mota za wateja wake wote, litaona kwamba aina chache za kontakta na ovalodi zinatosha kuhudumia vinu vingi. Kontakta ile ile ikitoka mara nne kwa mwaka italeta shilingi 80,000, na bei haijapanda. Vifaa adimu vinaweza kubaki ghala la makao makuu na kuletwa kwa basi la usiku, mradi duka limwambie mteja ukweli kuhusu siku ya kufika.

Mali kauli na msimu

Wenye viwanda wengi hawalipi taslimu, na wenye vinu hupata fedha baada ya mavuno. Tawi lililozoea fedha mkononi litajikuta linaombwa mali kauli. Kukataa kabisa ni kupoteza mteja, na kukubali kila mtu ni kufunga duka. Kwa maoni yangu, mkopo ufuate kalenda ya mazao: vifaa vya matengenezo vitolewe Machi na Aprili, malipo yakamilike Julai na Agosti alizeti inapokamuliwa, na kila mteja awe na kikomo kilichoandikwa. Asiyemaliza deni la msimu huu asifunguliwe la msimu ujao.

Aidha, tawi linaweza kumpa mteja mkubwa faida asiyoijua. Mwenye kiwanda anayetumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi huingia kundi la T2 la TANESCO, ambalo hutozwa pia kwa kila KVA ya juu kabisa aliyovuta. Katika bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, KVA moja ilikuwa shilingi 15,004 kwa mwezi. Kiwanda chenye mzigo wa kilowati 100 na pawa fakta ya 0.7 huvuta KVA 143. Kikifunga kapasita na kufika 0.95, kinavuta KVA 105. Kwa bei hizo, tofauti ni takriban shilingi 564,000 kila mwezi. Muuzaji anayeweza kumwonyesha mteja hesabu hiyo kwenye ankara yake mwenyewe hatahitaji kumbembeleza.

Mwenye mashine afanye nini

Wajibu si wa duka peke yake. Kabla ya msimu, andika yaliyo kwenye kibati cha kila mota yako na uyapeleke dukani. Wenye vinu watano au sita wenye mota zinazofanana wanaweza kukubaliana na tawi liweke kontakta na ovalodi za akiba, nao wachangie amana ndogo. Mtumie fundi mwenye leseni ya EWURA, na udai risiti, kwani bila risiti huna pa kulalamikia kifaa kibovu.

Kisha pima hasara ya kusubiri. Kinu kinachokamua magunia 20 kwa siku kwa ujira wa shilingi 5,000 kwa gunia hupoteza shilingi 100,000 kila siku kinapozima. Kwa siku nne alizosubiri stata, mjomba angeweza kununua kontakta kadhaa za akiba. Sasa anayo moja, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuitundika ukutani juu ya mashine.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.