Somo la Listra kwa Wakristo wa Garissa

Kila safari za Mtume Paulo zinapohubiriwa katika makanisa yetu, sifa humwendea kwa bahari alizozivuka, miji aliyoifikia na watu aliowabatiza. Kwa maoni yangu, hiyo ni nusu tu ya habari. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza pia kwamba Paulo alirudi kule alikoumizwa. Hilo ndilo somo ambalo Wakristo wa Kenya wanalihitaji kila inapotajwa Garissa na Kaskazini Mashariki kwa jumla.

Huko Listra Paulo alipigwa mawe, akaburutwa nje ya mji akidhaniwa amekufa. Akainuka, akaingia tena mjini, na kesho yake akaenda Derbe pamoja na Barnaba. Kutoka Derbe wakarejea Listra, Ikonio na Antiokia kuwatia moyo waumini. Hawakurudi kulipiza kisasi. Walirudi kwa kuwa kulikuwa na watu waliowahitaji.

Sisi nasi tunayo Listra yetu. Tarehe 1 Julai 2012 waumini walishambuliwa wakiwa ibadani mjini Garissa. Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa karibu na Mandera. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, na Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji wa eneo hilo.

Simlaumu mwalimu aliyeondoka. Paulo mwenyewe aliwahi kuteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu ili aponee. Yohana Marko naye aliiacha safari huko Perga, na bado Barnaba alimchukua tena baadaye. Kuokoa maisha si kuikana imani. Lawama yangu inatuangukia sisi tulio mbali, ambao tukisikia jina la Garissa hukumbuka maiti tu, tukamsahau mtoto wa Kisomali aliyebaki darasani bila mwalimu. Mtoto huyo hakurusha hata jiwe moja.

Aliyelielewa somo hili ni Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuja Kenya mwaka 1969 na kuishi miaka mingi Wajir akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu. Kama Paulo aliyeshona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, naye alijulikana kwa kazi ya mikono yake. Aliwapa wafugaji wagonjwa mahali pa kukaa katika manyatta, wakameza dawa mbele ya wahudumu hadi wakapona. Februari 1984, maafisa wa usalama walipowaua wanaume wa jamii ya Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, alikwenda kuwaokoa majeruhi na kuwazika wafu. Baadaye alilazimika kuondoka nchini. Hata hivyo, aliwarudia Wasomali, safari hii ng'ambo ya mpaka, akauawa Borama tarehe 5 Oktoba 2003, mahali pale pale alipowahudumia wagonjwa.

Liko jambo jingine. Paulo alipovunjikiwa jahazi Melita, yaani Malta ya leo, wenyeji wasiomjua Kristo waliwakokea moto watu 276 waliolowa mvua. Karne nyingi baadaye, kisiwa hicho kilitupatia Paul Darmanin, mtawa Mkapuchini aliyekuwa askofu wa kwanza wa Jimbo la Garissa, tangu 1984 hadi 2015. Lakini hata huko Kaskazini Mashariki, Wakristo wamekokewa moto na wenyeji. Baada ya mashambulizi ya 2012, viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao wangelinda makanisa. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lilipovamiwa karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Mkristo anayemwona kila Msomali kuwa adui hajaisoma habari ya Melita.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuidai serikali ulinzi wa kweli kwa kila mtumishi anayepelekwa huko, kwani ujasiri wa mwalimu usiwe kisingizio cha uzembe wa wakubwa. Pili, sadaka za misheni zisaidie kuwasomesha vijana wa Garissa, Wajir na Mandera wawe walimu na wauguzi kwao, bila kuwauliza wanasali wapi. Tatu, anayekubali kwenda ajifunze Kisomali, na huduma yake isiwe chambo.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Chuo Kikuu cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, na wapo waliorejea kusomesha na kusoma. Hao ndio wametutangulia katika njia ya Listra. Tusiwaache peke yao.