Usiilaumu Dawa, Itazame Sahani Yako

Mwanamume aliyepungukiwa na nguvu za kiume huingia duka la dawa jioni, akanong'ona, akapewa kidonge na kuondoka bila kuuliza neno. Hapa kwetu Kisii na Nyamira, haya ya namna hiyo ina gharama.

Tuseme mtu huyo amekula Keroka: nyama ya kukaanga, chapati na avokado zima. Kisha anameza sildenafili, dawa iliyoanza kuuzwa mwaka 1998 kwa jina la Viagra. Nusu saa inapita, hakuna kitu. Saa moja, hakuna kitu. Anasadiki kwamba ameuziwa dawa bandia, anameza kidonge cha pili. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Ukweli ni kwamba kidonge hicho hufyonzwa utumboni. Chakula chenye mafuta mengi hukawia katika mfuko wa tumbo, na dawa hukawia nacho. Kwa kawaida humezwa yapata saa moja kabla ya tendo. Ukiwa umeshiba mafuta, yaweza kuchelewa kwa saa moja zaidi, na nguvu yake katika damu ikapungua kwa karibu asilimia 29. Haikupotea, iko njiani. Ukiongeza ya pili, zitakufikia zote: kichwa kuuma, kizunguzungu, shinikizo la damu kushuka. Ndiyo sababu haimezwi zaidi ya mara moja kwa saa 24. Tadalafili ni dawa nyingine ya tatizo hilo hilo, lakini hiyo haijali umekula nini.

Basi, msomaji, ukipewa sildenafili, kula chakula chepesi: chinsaga isiyojaa mafuta na ugali kidogo wa wimbi. Nyama ingoje kesho. Pombe iache. Na anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua asiimeze kamwe, ana njaa au ameshiba, kwani yaweza kumuua.

Wauzaji dawa nao wana lawama. Kumwuliza mteja amekula nini na anatumia dawa gani nyingine hakuchukui dakika mbili. Wasipouliza, uliza wewe. Tena mwone daktari, kwa sababu upungufu huu mara nyingi ni dalili ya kisukari au ugonjwa wa moyo, na hayo hayatibiwi kwa kunong'ona dirishani.